Tendwet Uliopakwa Oili

Dada yangu alijengewa nyumba chini ya mti, na wakati ule sote tuliona ni baraka. Aliyejenga ni shemeji yangu, marehemu sasa, mtu aliyependa kivuli kuliko jembe, Mungu anisamehe lakini ni kweli. Alichagua mteremko ulio juu ya majani chai yao, huku upande wa Sosiot, akaweka nyumba mahali ambapo tendwet mkubwa umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Tendwet ni ule mti ambao gome lake hutafutwa sana na wazee. Ukifika umri wangu utajua. Mkojo unakataa kutoka, unasimama nyuma ya nyumba mpaka jogoo wanakuzoea. Hapo utachemshiwa gome la tendwet, chungu kama deni, na utakunywa. Mimi nimekunywa. Lakini mimi niliomba kipande kidogo, kwa dada yangu, mchana. Wengine walikuwa wanakuja na panga na gunia dada akiwa amepeleka majani kwa mzani. Anarudi anakuta mti umevuliwa nguo upande mmoja, umebaki mwekundu, unatoa maji.

Gome likitolewa kuzunguka mti wote, mti unakufa. Hilo kila mtu anajua. Na huo ukifa utaangukia wapi? Dada hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa akilala chini yake.

Sasa mwanawe ni fundi wa pikipiki pale sokoni, mtu mzima mwenye watoto, si kijana wa kuambiwa fanya hivi. Siku moja akaja na mtungi wa oili chafu, ile nyeusi inayotolewa kwa injini. Huku kwetu hakuna mtu asiyejua kazi ya oili hiyo. Ukitaka nguzo ya ua isiliwe na mchwa, unaipaka oili kabla ya kuizika, na inakaa mpaka wajukuu wanaanza kuiegemea. Nguzo zangu zote nimezipaka. Hata mlango wa choo.

Akafunga matambara kwenye fimbo, akachovya, akaanza kupaka tendwet kutoka mizizini. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti nikinywa chai, nikamuuliza anafanya nini.

"Anko, nani atakunywa gome lenye oili?"

"Wewe hujui wazee. Tutakunywa na tukuulize kama ni ya dizeli au petroli."

Dada alicheka mpaka akashika mlango. "Upake mpaka juu," akamwambia. "Na pale kwenye kidonda weka mara mbili, mchwa wasiingie."

Akaegemeza ngazi, akapaka hadi mkono ulipoishia. Shuleni huko chini miti yote imepakwa chokaa nyeupe mpaka kiunoni, imependeza kama wanakwaya. Mimi shule niliiacha mapema sana, lakini nakumbuka tulikuwa tunaipaka sisi wenyewe kabla ya siku ya wazazi. Ule wa dada ulikuwa mweusi tii, unang'aa. Watu wa magunia walipita, wakanusa, wakaenda. Tukasema dawa imepatikana.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni siafu. Walikuwa na njia yao ya siku zote kwenye ule mti, wakaiacha. Nikafikiri ni vizuri. Halafu jua likiwaka baada ya mvua, uwanja wote ulikuwa unanuka gereji. Halafu majani ya juu kabisa yakawa manjano, na tendwet si mti wa kumwaga majani ovyo. Dada akafagia. Kesho yake akafagia tena. Akaanza kufagia kabla sijafika asubuhi, ili nisione, na mimi nikawa najifanya sioni, lakini rundo nyuma ya jikoni lilikuwa linakua.

Nguzo imekwisha kufa, haina haja ya kupumua. Huu ulikuwa hai, na tulikuwa tumeufunga mdomo na mafuta, tena mara mbili kwenye kidonda. Tulikuja kuelewa hivyo gome lilipoanza kuachia lenyewe, vipande vipana, bila panga la mtu.

Tawi likaanguka mchana, hakuna upepo. Likatoboa bati la jikoni, likasimama wima katikati ya mafiga. Dada alikuwa amekwenda kuteka maji.

Tukamwita mtu wa msumeno wa moto, ule wa injini. Akazunguka mti, akaugonga kwa nyuma ya panga, akasikiliza. Akagonga juu kidogo. Akawasha sigara.

"Huu sipandi," akasema. "Na kuukata kutoka chini, kwanza toeni nyumba. Pili, udongo umelowa. Ukianza kupasuka nikimbilie wapi? Nitateleza kama sabuni. Niiteni mvua ikiisha."

"Mvua ya Kericho iishe?" dada akamuuliza.

"Basi mama, mimi nifanyeje."

Tulitoa nyumba. Mwanawe ndiye aliyepanda kutoa mabati, hakutaka mtu mwingine apande, na kila msumari ukilia alikuwa anaangalia juu. Mamake hakumlaumu. Alimpelekea chai hukohuko paani. Jioni vitu vyote vilikuwa kwangu, dada amepewa chumba, na kuta za udongo zimebaki wazi huko, mvua inazila.

Tungekuwa tumemaliza, isipokuwa ng'ombe wa dada. Tulimleta kwangu, tukamjengea zizi zuri, akakataa kuteremsha maziwa. Dada akamwimbia, akampa molasi, akamwekea ndama. Wapi. Matone tu. Na dada hana kitu kingine cha kumweka hai, majani chai yake mwenyewe yako kwenye kivuli cha ule mti na wachumaji wamekataa kuingia. Siku ya nne akamfungua, akamrudisha kwenye zizi la zamani, chini kabisa ya mti. Maziwa yakaja mpaka ndoo ikafurika povu.

Kwa hiyo sasa ndivyo tunavyoishi. Asubuhi na jioni anakwenda huko kukamua. Nimemwambia tumuuze, anasema nitakuuza na wewe. Mwanawe amepita kwa mtu wa msumeno, jibu ni lilelile, udongo.

Mimi naenda naye. Jana mvua ilikuwa inajikusanya upande wa msitu. Yeye amekaa kwenye kigoda, kichwa amekiegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe, maziwa yanalia kwenye ndoo. Mimi nimesimama kando na fimbo, nikiangalia juu, kama vile fimbo itazuia kitu. Kitu kikalia ndani ya shina, polepole, kama mlango wa ghala. Ng'ombe akainua masikio.

"Umesikia?" nikamwambia.

"Nimesikia," akasema, na mikono haikusimama. "Nyamaza, utamfanya azuie."