Siku nne za Mama Lini

Ni saa mbili kasorobo asubuhi na benchi limeshajaa. Limetengenezwa kwa watu sita, lakini leo limebeba wanane, na huyo wa nane amekalia pembeni kabisa, mguu mmoja ameukaza sakafuni asije akaanguka.

Mama mmoja mwenye bahasha ya kaki kifuani anasogea mezani, anainama na kushusha sauti. "Dada, nina jirani yangu. Mwenye nyumba wake kabadilisha kufuli, na vyombo vyote viko ndani. Inaruhusiwa?"

Karani hainui macho kutoka kwenye daftari. "Lini?"

"Lini nini?"

"Kufuli limebadilishwa lini?"

"Juzi jioni, nilikuwa nimetoka kidogo tu..." Mama anajiziba mdomo. Benchi zima linacheka. Naye anacheka, huku machozi yanamlengalenga. Karani anampisha kiti chake na yeye anabaki wima, anaandika tarehe.

Karani huyu ana miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na tisa amekaa kwenye meza hii ndogo mbele ya mlango wa wakili, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wateja wanamwita Mama Lini, kwa sababu hilo ndilo swali lake la kwanza kwa kila mtu, hata kabla ya jina. Hakuanza kazi na swali hilo. Alijifunza baadaye, na aliyelipia somo ni mtu mwingine.

Kazi yake ni kupokea wageni, kuchapa hati, kugonga mihuri na kupeleka majalada mahakamani. Kujibu maswali ya sheria si kazi yake, na amekatazwa. Lakini maswali hayajui katazo. Kwa siku hupita watu wapatao thelathini, na katika kila kumi, wanne hurudi walikotoka bila kumwona wakili, kwa kuwa ada ya kumwona tu inatosha kulisha nyumba wiki nzima. Hao wanne wanataka waondoke angalau na neno.

"Maswali ni yale yale, wanaobadilika ni watu," anasema. Nimeitwa polisi, ni lazima niende? Nimesaini bila kusoma, inahesabika? Baba kaandika wosia nyuma ya daftari la shule la mjukuu, unafaa? Mume wangu kaniacha kwa ujumbe wa simu, je, nimeachika au anatania?

Yapo na ya kuchekesha. Mzee mmoja alikuja na hasira akitaka kumshtaki mbuzi aliyemalizia miche yake ya mboga. "Nikamwuliza, mzee wangu, tumshtaki mbuzi au mwenye mbuzi? Akasema mbuzi, maana mwenyewe ni shemeji yake."

Tatu kati ya kila shida nne hufika zikiwa za "jirani". Hakuna anayefukuzwa, anayepigwa wala anayedhulumiwa. Wote wana jirani. Mwajiri wa Mama Lini, wakili mwenye umri wa miaka sabini na kikohozi cha kudumu, huwatania wateja akiwasikia kupitia mlango ulio wazi. "Mficha uchi hazai," huwaambia. "Mwambieni huyo jirani aingie, chai ipo."

Yeye Mama Lini hawacheki moyoni. Anajua aibu ilivyo. Mshahara wake huisha tarehe ishirini, theluthi yake imekwenda kwenye kodi ya vyumba viwili anavyoishi na mama yake mzazi na binti yake wa mwisho. Hata yeye, mwaka ule mumewe alipohama nyumba, alimwendea wakili huyu huyu na kuanza kwa kusema, "Mzee, kuna shoga yangu mmoja..."

Mwaka jana alijiandikisha mafunzo ya jioni ya wasaidizi wa sheria, watu wanaoruhusiwa kuwapa wananchi maelekezo ya mwanzo bila malipo. Akafaulu mtihani, wa pili darasani, nyuma ya kijana aliyelingana umri na mwanawe. Kilichobaki ni bodi ya wasaidizi kumpa cheti. Ameshapanga wapi ataweka meza yake: chini ya ngazi, kwenye ile nafasi inayowekwa ndoo na mifagio, ili wale wanne kati ya kumi wasipande ngazi bure.

Katika mazungumzo ya kwanza na mwandishi wa habari hii, aliulizwa swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Je, katika miaka yote hiyo, kuna swali alilowahi kulijibu vibaya?

Akafunga daftari. "Weka kalamu kwanza, mwanangu," akasema. "Hilo kuna mtu anatakiwa alisikie kabla yako."

Mazungumzo yakaishia hapo. Alipiga simu mwenyewe siku tisa baadaye.

Mtu aliyetakiwa kusikia hakuwa mbali. Ni mlinzi wa geti la jengo hilo hilo, mwanamume mrefu wa miaka hamsini na saba ambaye kila mtu humwita Dereva, ingawa ni miaka sita sasa hajashika usukani. Leseni yake ya magari makubwa bado anaihuisha kila inapoisha. Imo mfukoni mwa shati, ndani ya nailoni.

Miaka kumi na minne Dereva aliendesha lori la kampuni moja ya usafirishaji. Siku moja alikataa kulitoa kwa sababu breki zilikuwa zinashika upande mmoja. Akafukuzwa siku hiyo hiyo, na kwenye barua wakaandika kwamba yeye ni mkaidi. Tangu hapo kila kampuni aliyokwenda kuomba kazi ilisoma barua, ikafika kwenye neno hilo, ikamrudishia.

"Breki za lile lori zilikuwa na nafuu," anasema Dereva. "Hilo neno ndilo lililonisimamisha kabisa."

Wiki moja baada ya kufukuzwa alipanda ngazi hizi. Kama wote, alishusha sauti. Alisema ana jirani yake, dereva, kafukuzwa kazi kwa uonevu, afanyeje?

Mama Lini anaikumbuka siku hiyo mpaka shati alilovaa. Benchi lilikuwa limefurika, wakili alikuwa mahakamani, na mtu mwenyewe alikuwa mpole na ana adabu. Akamhurumia huyo jirani. Hakuuliza alifukuzwa lini. Shida ya jirani haina haraka, na anayemsemea mara nyingi hata tarehe haijui.

"Nikamwambia, mwambie jirani yako asikimbilie kesi, kesi huleta uadui. Amwendee bosi wake taratibu, wazungumze. Nilijiona nimesema neno la busara."

Dereva akafuata neno hilo kwa utii. Akawa kiguu na njia ofisini kwa bosi, naye bosi akamlisha njoo kesho. Njoo kesho ikazaa njoo Jumatatu, Jumatatu ikazaa mwisho wa mwezi. Alipochoka na kurudi kwa wakili, safari hii bila jirani, siku thelathini ambazo sheria humpa aliyefukuzwa kufungua malalamiko zilikuwa zimepita. Zilikuwa zimepita kwa siku nne.

Wakili alisoma barua, akahesabu, akavua miwani. Akamwambia pole, umechelewa. Hakujua Dereva alikuwa ameshafika mezani pale mwanzo. Na Dereva, mtu wa heshima zake, hakutaja kwamba aliyemchelewesha ni mama aliyeketi nje ya mlango. Alidhani siku thelathini ni mkosi wake tu. Wala Mama Lini hakusema. Alimwandikia Dereva barua ya kumtafutia kazi ya ulinzi hapo chini, na kuanzia siku ya pili yake akaanza kumwuliza kila mtu, lini?

Kwa miaka sita Dereva alimfungulia geti kila asubuhi. "Karibu dada yangu," alikuwa akisema. Mvua ikinyesha, alimpokea kwa mwavuli. Mama Lini alipofiwa na mjomba wake, Dereva alikesha naye matanga siku tatu. "Kila akiniita dada, nilikuwa naumia," anasema.

Baada ya swali la mwandishi Mama Lini hakulala vizuri. Binti yake, anayesomea uuguzi, alimsihi anyamaze. "Mama, yeye mwenyewe hajui, na cheti ndiyo hicho kinakuja. Bodi wakisikia umepotosha mtu, si umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe?" Bibi, aliyekuwa akichambua maharage pembeni, alimwambia mjukuu wake aache kumfundisha mama yake kuficha.

Alhamisi, saa moja na robo asubuhi, kabla duka la chini halijafunguliwa, Mama Lini alisimama getini na hakupita. Wote wawili wanakisimulia kilichotokea kwa namna moja.

Alimweleza kila kitu, tangu jirani mpaka zile siku nne. Hakulia, maana alishajiapiza asilie. "Ningelia, angeanza kunibembeleza. Namjua."

Dereva alisikiliza huku ameshika mnyororo wa geti. Alipouliza, aliuliza polepole.

"Siku ile wakili aliponiambia nimechelewa. Ungesema palepale kwamba ni wewe ulinituma kwa bosi, kuna kitu kingewezekana?"

Ni swali la sheria, la kawaida kabisa, na jibu lake Mama Lini analijua. Alishachapa hati za namna hiyo kwa mamia. Mtu aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, mradi awe na sababu ya kueleweka. Kupotoshwa na karani wa wakili, tena kwa siku nne tu, ilikuwa sababu nzuri. Mbaya zaidi, ilikuwa ikipungua nguvu kila mwaka aliokaa kimya.

Angeweza kusema hajui. Amekatazwa kujibu.

"Ndiyo," akamwambia. "Kingewezekana."

Dereva aliachia mnyororo. Akaenda akakaa kwenye kiti chake cha plastiki, akageuzia uso ukutani. Wapangaji wa jengo wakaanza kufika, wakakuta geti wazi na mlinzi haamkii mtu. Mama Lini alibaki amesimama pale pale mpaka Dereva alipogeuka.

"Na sasa? Bado inawezekana?"

"Sasa sijui. Mlango umebaki mwembamba sana. Lakini tusikisie tena. Twende juu ukaulize mwenyewe."

Walipanda wakaketi bega kwa bega kwenye benchi, wakasubiri zamu kama wageni. Wakili aliwasikiliza, kisha akamwomba Dereva radhi, kwa sauti ya mtu aliyeumia kweli. Akasema yeye hawezi kumsimamia, kwa kuwa kosa limetoka ndani ya nyumba yake, na akampigia simu mwanamke mmoja, wakili kijana wa ghorofa ya pili, ambaye amekubali kulibeba jalada bila ada. Maombi ya kuongezewa muda yamefunguliwa. Yatasikilizwa Jumanne ijayo.

Nguzo ya maombi hayo ni hati ya kiapo ya kurasa mbili. Aliyekula kiapo ni Mama Lini. Humo amesema kwa jina lake kamili kwamba ni yeye aliyempa Dereva maelekezo yasiyo sahihi, na kwamba alinyamaza kwa miaka sita kwa kuogopa kupoteza kazi.

Nakala moja ameipeleka kwenye bodi ya wasaidizi wa sheria, kwa mkono wake. Wamemjibu kwamba cheti kitasubiri mpaka wakae kikao. Kazi hajapoteza; wakili amemwambia arudi mezani na aache kumwangalia kwa macho ya kuomba. Ile nafasi chini ya ngazi ameifagia hata hivyo. Akipewa cheti, wa kwanza kukaa pale ni wale wasio na ada. Akinyimwa, anasema, atajiandikisha upya mwakani.

Lakini ukimwuliza anachokitaka hasa, hataji cheti. "Nataka lile neno lifutwe. Apate barua safi, aendeshe hata gari la maji la mtaani. Leseni anayo."

Kuna jambo moja ambalo hawezi kuliapia wala kuliomba. Tangu Alhamisi ile Dereva hamwiti dada tena. Humwita karani. Hufungua geti, humjibu salamu, basi. "Ana haki," anasema Mama Lini, na hapo sauti inamkatika, na mara hii hajizuii.

Ijumaa jioni alipokuwa akitoka, Dereva alimsimamisha getini. Mahakama iko mbali, na mtoa kiapo anaweza kuitwa kuulizwa maswali. Akamwambia Jumanne atampitia nyumbani kwake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, waende pamoja.

Mama Lini akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshapita geti aliposikia anaitwa.

"Karani," Dereva akasema, "usinicheleweshe."