Jibu la Nekesa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na pakiti ya chaki niliyonunua mwenyewe, kumbe chuo kilitumia ubao mweupe na kalamu za wino. Wanafunzi walicheka mpaka nami nikacheka. Tulikuwa ghorofa ya tatu, hapa Eastlands, juu ya fundi wa kuchomelea milango, na ukitaka kusikika ulingoja azime mashine yake. Nilipewa uchumi wa utangulizi, ule unaomtazama mnunuzi na muuzaji mmoja mmoja, nikaufundisha hadi nilipostaafu. Nyinyi vijana mnaniuliza kazi ile ilikuwaje. Ilikuwa kurudia, basi.

Kila muhula nilichora mistari miwili inayokatana. Mmoja ni wa mahitaji, yaani kiasi ambacho watu wako tayari kununua kwa kila bei. Wa pili ni wa ugavi, kiasi ambacho wauzaji wako tayari kuleta. Bei ikishuka watu hununua zaidi, mambo mengine yakibaki yalivyo. Hayo maneno manne ya mwisho ndiyo yanayoshikilia somo zima, lakini niliyasema mbio mbio, kama mtu anayemalizia sala huku chakula kinapoa.

Mkuu wa Idara wa kwanza alikuwa mtu wa utani, hakukaa. Wa pili alinihamishia tawi letu la Kariokor, kufundisha darasa la alasiri la watu wenye kazi zao: makarani wa kaunti, vibarua wa viwandani, wachuuzi. Huyo alikuwa mkali. "Mwalimu," aliniambia siku niliyoripoti, "hapa hatufundishi maoni. Tunafundisha silabasi."

Nekesa alikuwa katika darasa hilo. Mama wa watoto wawili, muuza nguo za mitumba soko la Gikomba, magoti yake yameharibika kwa kusimama kwenye matope tangu usichana. Kiwanda kimoja kilikuwa kimemwahidi kazi ya stoo, kazi ya kuketi, akileta cheti. Somo langu pekee ndilo lilikuwa limemshinda, mara mbili. Sheria ya chuo ilisema ukianguka mara ya tatu unaondoka.

Mtihani wa mara ya tatu niliutunga mimi. Swali kubwa lilisema: Eleza kitakachotokea bei ya nguo ikishuka sokoni. Nikapiga chapa, nikaweka sahihi. Yale maneno manne, niliyoyaimba miaka yote ile, nilisahau kuyaandika. Ala! Hata leo nikikumbuka nasikia joto usoni.

Wengine wote waliandika nilivyowakaririsha. Nekesa aliandika alichokijua. Kwamba mtumba ukifunguliwa alfajiri, wenye maduka huchagua nguo bora kwanza, zinaitwa kamera, na bei ni ya juu na watu wanasukumana. Mchana hubaki fagia, zilizochanika na kukosa vifungo, bei inashuka kabisa, na wateja wanapungua, kwa sababu kila mtu anajua bei imeshuka kwa nini. Kwa swali nililouliza, lisilosema mambo mengine yabaki yalivyo, jibu lake lilikuwa sahihi kabisa. Nililisoma mara mbili.

Nikampelekea Mkuu wa Idara. Alitazama mwongozo wa kusahihisha, hakutazama karatasi. "Mwongozo unasema wateja wanaongezeka. Ukimfungulia huyu mlango, kesho wote watakuja na hadithi za soko. Na mkataba wako, mwalimu, si unaisha mwezi ujao?"

Nikaweka sifuri. Akaanguka kwa alama chache.

Alikuja ofisini na karatasi mkononi. "Mwalimu, hii swali nimekosea wapi?"

"Rudi usome kitabu, Nekesa."

"Kitabu nimesoma. Lakini mimi nashinda Gikomba, naona kwa macho."

"Soma tena," nikamwambia, nikajifanya natafuta kitu kwenye droo mpaka akaenda.

Mkataba nilipata, na mingine baada yake. Siku ya kustaafu walinikatia keki na kunipa saa ya ukutani. Naishi Tassia sasa, kwenye ghorofa zilizobanana hivi kwamba jua silioni, na saa hiyo naisikia mchana kutwa. Naichukia.

Juzi nilienda Gikomba kutafuta sweta. Nilikuwa nimeinama kwenye rundo la chini nikasikia, "Mwalimu! Habari ya siku nyingi? Umechelewa, kamera iliisha asubuhi. Hii ni fagia." Nekesa alikuwa ameketi juu ya gunia, mguu mmoja ameunyoosha, hawezi tena kuukunja.

Nilitaka kulipa niondoke. Mdomo ukakataa kufungwa. "Nekesa, lile swali ulilijibu sawa. Mimi ndiye niliyeliuliza vibaya."

Akaendelea kukunja shati. "Ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya, haki ya Mungu ningeweza. "Siku ileile, kalamu ikiwa mkononi."

Mteja akauliza bei ya suruali, hakumjibu. Kisha akachukua sweta mkononi mwangu, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko.

"Unajua nimekuwa nikiambia watoto wangu nini, mwalimu? Kwamba mama yao hakuwa na kichwa ya masomo. Na wale wawili waliacha shule, wakasema wamenifuata."