Siku Mlima Uliposhindwa na Piramidi

Ilianza Alhamisi, saa nane na dakika ishirini mchana, mwalimu wa Kiswahili alipofuta ubao kwa kiganja na kuandika: Maajabu ya dunia yawe yale tu yaliyojengwa na watu. Nilikuwa kidato cha pili, shuleni Kasese, na joto lilikuwa lile la kufanya kalamu iteleze vidoleni. Aligawa darasa nusu kwa nusu. Upande wa dirishani uunge mkono, upande wa mlangoni upinge. Mpaka ulipita katikati ya dawati letu: rafiki yangu akaangukia dirishani, mimi mlangoni.

Mwalimu aliwahi kuwa mwanajeshi. Mbele yake tulimwita mwalimu, nyuma yake afande.

"Wewe, msemaji wa mwisho," alininyooshea chaki. "Mara mbili umesimama, mara mbili umekaa bila neno. Leo ukikaa hivyo tena, nafasi yako ya kesho nampa mwingine. Sawa?"

"Sawa, mwalimu," nilisema, na hata hilo halikusikika.

Kesho maana yake ilikuwa Bwera. Klabu yetu ya mdahalo ilialikwa na shule moja ya huko, na bibi yangu anakaa Bwera, karibu kabisa na shule hiyo. Ndiye aliyenilea mpaka mama alipokodi shamba la mpunga Mubuku na kunichukua. Tangu Krismasi sikuwa nimemwona. Mama hakuweza kunipeleka. Kule Mubuku maji ya mfereji huja kwa zamu, na ukikosa zamu yako, mpunga haujali kwamba ulikwenda kusalimia watu. Kwa hiyo niliitaka ile nafasi sana, na kilichonizuia kilikuwa mdomo wangu mwenyewe.

Rafiki yangu ndiye aliyefungua upande wao. Baba yake ana lori linalobeba mizigo hadi mpakani, na yeye huongea kama watu wa mpakani, hana woga na mtu.

"Mungu anaweza yote," alisema. "Sasa akiweka mulima, ajabu iko wapi? Njo kazi yake. Lakini mutu! Mutu anashikwa na njaa, anaumwa mugongo, na bado anajenga piramidi. Ile ndiyo ajabu."

Dirishani walipiga madawati. Mvulana wa kwetu akasimama na kusema mlima wetu, Rwenzori, una barafu, na ikweta iko hapa hapa chini, je, kuna piramidi yenye barafu?

"Nani humu ameigusa hiyo barafu?" aliuliza msichana wa kule. "Sisi tunaona mawingu tu. Labda mlima wenyewe umeshaondoka!"

"Na wewe umeigusa piramidi?"

"Nimeiona kwenye kitabu!"

"Basi hata mlima umo kwenye kitabu, ukurasa unaofuata!"

Walicheka mpaka mwalimu akapiga meza. Wakataja ukuta wa China, wakataja maporomoko ya maji, mmoja akataja daraja la Mpondwe, lile la hapa mpakani, akazomewa na pande zote mbili. Kisha ikawa zamu yangu.

Nilisimama. Nilikuwa na karatasi yenye hoja nne, na zote zilikuwa zimeshasemwa. Nikatazama karatasi, karatasi ikanitazama. Mwalimu akaangalia saa yake. Nikaanza kukaa, kama mara ile ya kwanza na ile ya pili.

Hapo rafiki yangu, ambaye alikuwa adui yangu mchana ule, akanivuta sketi chini ya dawati.

"Sema ile ya chumvi," alinong'ona. "Ile uliniambiaka. Mutu hafi juu ya kuchekwa."

Nikaisema. Nilisema kwamba nilipokuwa mdogo Bwera, bibi alikuwa akiuza chumvi ya Katwe sokoni, na mimi kitu cheupe kilichorundikwa nilikijua kimoja tu. Asubuhi moja mawingu yalipofunguka nikaona weupe kule juu mlimani, nikamwuliza bibi: nani ameanika chumvi mbali vile, na mvua ikija ataianuaje?

Darasa lilipasuka. Afande mwenyewe aligeukia ubaoni na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilingoja nife. Sikufa. Nilishangaa kuona kwamba walikuwa wakinitazama kwa hamu, wakitaka kujua bibi alijibu nini.

"Bibi hakucheka," niliendelea. "Alisema hajui nani aliiweka, lakini maji niliyonawia uso yalitoka huko. Na sasa mama analima Mubuku, na maji ya mpunga wake ni ya huko huko. Piramidi ni nzuri. Lakini haijawahi kumnywesha mtu. Mimi... basi. Nimemaliza."

Nikakaa. Niliona nimesema kwa saa nzima. Rafiki yangu aliniambia baadaye haikufika dakika mbili.

Tulipiga kura kwa mikono na mlima ukashindwa, kwa mikono mingi tu, siwezi kudanganya. Wavulana wawili wa upande wetu walinyanyulia piramidi mikono. Mwalimu aliandika matokeo ubaoni, kisha bila kugeuka akasema, "Msemaji wa mwisho, kesho saa kumi na mbili na nusu getini. Usichelewe."

Tulipotoka nilimwuliza rafiki yangu kwa nini alinisaidia na alikuwa upande wa pili.

"Nilijua tutawashinda tu," alisema. "Na weye, bila weye nitakaa na nani kwenye gari ya kwenda Bwera? Na yule wa klabu, wa kunuka samaki?"

Nilimshika mkono mpaka getini, jambo ambalo huwa silifanyi, na yeye akaniacha niushike.

Asubuhi yake tulifika Bwera kabla ya saa mbili. Mwalimu alinipa nusu saa. Nilikimbia. Nilimkuta bibi uani akimenya mihogo, amenipa mgongo. Nikapiga magoti nyuma yake, nikamsalimia, na aligeuka na kisu mkononi akasema tu, "Ni wewe?" Nikachukua kisu cha pili, nikakaa kando yake, tukamenya.