Dawa Iliyochoka Njiani

Nilipokuwa mtoto kule Kibosho, kumpita mzee bila kumwamkia lilikuwa kosa la kuchapwa fimbo, isipokuwa kama umebeba dawa ya Bibi. Aliyebeba dawa haongei na mtu. Akifungua mdomo, Bibi alituonya, nguvu inatoka, anafika nyumbani na majani matupu.

Ilikuwa miaka ile watu walipoanza kung'oa kahawa wapande nyanya. Mdogo wangu Roza alitoka vidonda vya usaha mguuni, kikipona hiki kinafumuka kile. Hakulala, nasi hatukulala. Asubuhi moja Bibi akanituma kwenye mfongo, mfereji unaotuletea maji ya mlimani, nikachume majani machungu yaotayo ukingoni.

Wakati wa kurudi nikakutana na nani? Babu Aloisi, katekista wetu, anakokota baiskeli kupandisha kilima. Nikainamisha kichwa nipite. Akanishika bega.

"We mtoto, shikamoo yako umeiacha kanisani?"

Kimya.

"Au siku hizi mmekuwa watu wa mjini?"

Machozi yakanitoka, midomo nimeibana mpaka inauma. Akaniachia, akiapa kumwambia baba. Na aambie! Fimbo ya baba ingepoa kesho yake. Mguu wa Roza sikuwa na hakika nao.

Bibi aliyatwanga majani, akayachanganya na samli.

"Hukusalimia mtu?"

Nikatikisa kichwa. Baada ya siku chache vidonda vikakauka, tukashangilia. Kumbe chini usaha ulikuwa unatembea. Mguu ukavimba, mama akambeba Roza mgongoni hadi hospitali, wakampasua. Alipona, ila anachechemea hadi leo.

Nilimwakia Bibi kwa hasira. "Sikusalimia mtu! Mbona haikumponya?"

"Basi imechoka njiani, mjukuu wangu."

Nikaona ananifunga kamba tu.

Leo nafanya kazi maabara, na majani tunayokamua ni yaleyale. Kwenye kisahani cha kioo maji yake yanaua bakteria vizuri kabisa. Kwenye ngozi yanaishia juu. Kwa hiyo tunayatia ndani ya chembe za nano, ndogo kuliko bakteria wenyewe, ziyabebe hadi kule chini usaha unakojificha. Nyingine zinafika. Nyingine zinapasuka kabla ya kufika, nasi tunaanza upya, na usiku najigeuzageuza kitandani nikiwaza ni wapi zimechokea.

Wenzangu wanasema nina maringo. Nikibeba trei ya chembe kutoka chumba kimoja kwenda kingine, hata bosi simwamkii. Najua chembe hazina masikio, nimesoma.

Juzi Roza alipiga simu. Mwanawe ametoka vidonda mguuni. Nilimwambia ampeleke hospitali saa hiyohiyo, asingoje hata chai. Kisha nikabeba trei yangu nikatoka. Mtu akanisalimia koridoni, nikapita, midomo nimeibana.