Mashine Iliyoimba Ufukweni

Tulipobatiza waumini katika ufukwe mmoja hapa Sydney, Mama Furaha alipoteza mchangani pete aliyovishwa na marehemu mumewe. Kesho yake mimi, mzee wa kanisa, niliazima mashine ya kutafutia vyuma, nikaifungia koili, lile duara la chini linalonasa chuma, kubwa kuliko zote ili isikie mbali.

Katika ukungu wa asubuhi mashine iliimba kila nilipokanyaga, kama kinanda cha mbinguni. Nilishukuru kila mlio, na waumini wakachimba. Mashimo yote yalikuwa matupu.

"Papa," Mama Furaha akaniuliza taratibu, "viatu vyako vya kazi ya ghalani si vina chuma mbele?"

Nikavivua. Mashine ikanyamaza. Nikarudi miguu mitupu tulikoanzia, na ilipolia tena hakuna aliyeinama. Wote walitazama kwanza miguu yangu.