Okelo na Pea Moja ya Viatu vya Chuma

Juzi pale Rangwe nilimwona kijana akipanda nguzo ya chuma ya jengo jipya, miguuni amevaa vile viatu vya chuma vyenye meno ya kubana nguzo. Alikuwa navyo viwili. Mimi nilikaa chini kwanza.

Nikiwa mtoto, Baba alikuwa akisimamisha nguzo za ghala kule Homa Bay. Mchana huo Mama alinituma nimpelekee nyoyo, yaani mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, bado ya moto. Vyuma vilinuka kutu na jua. Nyapara alikuwa Okelo, na namtaja. Viatu vya kupandia vilikuwa pea moja tu, naye akaigawa: kimoja kwa Baba, kimoja kwa mwenzake Opiyo, ati kazi iishe kabla ya mvua.

“Bwana Okelo, na huu mguu mwingine nipande na nini?” Baba aliuliza.

“Panda na maombi! Ama uliuacha kwa bibi?”

Watu walicheka, na mimi pia. Nilidhani ni mchezo, kama wetu wa kuruka kwa mguu mmoja.

Huko juu chuma kilikwaruza, kisha kishindo kikatua mbele yangu. Nilidhani Baba ameruka kufuata chakula, nikamnyooshea sufuria. Hakuipokea.

Okelo alikuja mbio. Nilifikiri anakuja kumwinua. Aliinama, akafungua kile kiatu mguuni mwa Baba, akakipangusa damu kwa nyasi, akamrushia Opiyo.

“Sasa uko na vyote viwili. Panda.”