Amejikata, Amekatwa

Watu wakiniuliza mguu wa mume wangu ulipona vipi, huwaambia ulipona kwa sindano na rehema za Mungu, kisha nabadilisha mazungumzo. Sasa nimechoka kubadilisha mazungumzo. Mie ni mtu mzima, magoti hayanibebi tena, na waliohusika wote wametangulia, basi acheni niseme.

Zilikuwa zama za Mwingereza, na sisi tulikaa Mbwera. Mume wangu alikata mikoko kwa kampuni iliyokuwa na ofisi Nyamisati, na mie na wanawake wenzangu tulichuna magome. Alikata pamoja na mdogo wangu wa kiume, kwa sababu kule hakuna anayekata peke yake: mmoja anapiga shoka, mwenzake anasafisha njia na kuangalia mti utalalia wapi. Walizoeana sana wale, hata nikipakua chakula nilipakua sahani moja. Kila mmoja wao alikuwa na kipande, ile kadi ya kazi ambayo nyapara huitia alama kila siku. Tuliambiwa mwenye kipande akiumia atapokewa hospitali ya wamisheni upande wa Kibiti, kwani kampuni imekubaliana nao. Tulikipenda kipande kile. Mie nilikishonea kifuko cha kitambaa.

Asubuhi moja shoka liliteleza kwenye gome bichi, likamwingia mume wangu juu kidogo ya kifundo cha mguu. Mdogo wangu alikuwa mbali, anafyeka njia, hata hakuona. Alikuja kwa kusikia ukelele, akamtoa topeni na kumbeba mgongoni hadi kwenye mtumbwi. Tulivuka mpaka Nyamisati, tukapata watu wa kusaidia kubeba machela, tukapanda nchi kavu kuelekea Kibiti. Tulitumia siku mbili njiani, na tope la mikokoni limo ndani ya kidonda.

Hospitali tulipokewa na karani mwenye miwani, mtu mpole. Nikampa kipande nikijua sasa mambo yamekwisha. Akamuuliza mume wangu imekuwaje. Mume wangu, homa imempanda, akajibu kama mtu yeyote wa kwetu angejibu:

"Nimejikata."

Hebu niambie, wewe ungejibuje? Kisu kikikupitia kidoleni ukimenya muhogo, unasemaje? Unasema nimejikata, na kila mtu anakuelewa, na wanakuletea kitambaa. Karani akaandika kwa Kizungu, neno kwa neno kama alivyosikia.

Hatukujua kwamba hospitali na kampuni hazielewani. Nilikuja kufahamu kidogo kidogo, kwa kusikiliza wagonjwa wenzetu barazani. Mkataba wao ulikuwa umeandikwa upya, na kampuni imetia maneno kwamba aliyeumizwa na kazi ni juu ya kampuni, aliyejiumiza mwenyewe ni juu yake. Hospitali iliwatibu watu, kampuni ikaja kuwakataa mmoja mmoja kwa maneno hayohayo. Hospitali ikachoka, ikasema basi, hakuna mtu wa kampuni atakayelazwa mpaka barua ya kumkubali ifike mezani. Labda kila upande ulikuwa na haki yake, sijui. Mie nilikuwa na mume barazani juu ya mkeka.

Kidonda walikisafisha na kukifunga, siwezi kuwasingizia. Lakini kitanda, na sindano za kila siku, na daktari kukipasua ili kutoa uozo, hayo yalingoja barua. Mkulima mmoja alikuja nyuma yetu na jipu la paja, akalazwa saa ileile kwa kuwa hakuwa mtu wa kampuni yoyote. Niliona uchungu, wallahi, nikajuta hata kukitoa kipande. Nikamfuata daktari, Mzungu mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, nikamlilia. Akaniambia kwa Kiswahili chake kwamba hana ugomvi na mie, ugomvi wake ni na kampuni. Nikamjibu kampuni haina mguu unaooza. Aliinamisha kichwa, akaingia wodini.

Basi nikashika njia ya kurudi Nyamisati na karatasi ya karani, kwa lori la magunia mahali penye lori na kwa miguu mahali pasipo lori. Bwana wa kampuni akaisoma amesimama. Akasema maneno kwa Kizungu, na karani wake akanigeukia.

"Bwana anauliza kwa nini mumeo alitaka kujikata."

Nilidhani ananitania. Nikamweleza kwamba hakutaka, shoka limeteleza, kujikata ni kusema tu. Nikamweleza tena. Wakaongea wao kwa wao, kisha nikaambiwa karatasi inasema amejikata mwenyewe, na kampuni haina habari na mtu aliyejidhuru. Nikaomba waandike hata mstari mmoja. Nikaonyeshwa mlango, tena kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Niliporudi hospitali mguu umevimba hadi gotini, na wagonjwa wengine wameisogeza mikeka yao mbali naye kwa ajili ya harufu. Mume wangu hakunijua. Daktari alimtazama, akasema akikaa hivyo siku mbili zaidi, mguu itabidi ukatwe pajani, na asingeweza kuahidi kwamba hata hapo atapona. Nilikaa chini palepale. Nilichoka hata kulia sikuweza.

Karani mwenye miwani akaja akachuchumaa karibu yangu. Akasema karatasi ya kwanza iliandikwa mgonjwa ana homa, kwa hiyo anaweza kuandika nyingine na kuipeleka leo kwa gari la hospitali. Akauliza polepole, macho yake yako sakafuni.

"Alijikata, au alikatwa?"

Nilielewa. Alikuwa ananipa njia. Nikasema alikatwa. Akauliza alikatwa na nani, na hapo ndipo nilipoona njia yenyewe inapita wapi, kwa maana kila mtu wa Mbwera alijua mume wangu hukata na nani.

Nikasema, "Na mdogo wangu. Shoka lilimponyoka."

Kesho yake barua ya kukubali ilifika, na mume wangu akapata kitanda. Walimpasua, wakatoa uozo, wakamchoma sindano asubuhi na jioni. Siku ya tano aliomba uji. Daktari akaniambia mguu utabaki, ila ashinde kitandani wiki nyingi, na kampuni isije ikabadili neno. Karani naye alininong'oneza kwamba ikijulikana si kweli, barua itafutwa na kitanda kitakwenda. Nilipomweleza mume wangu nilichofanya, alikataa chakula kutwa nzima. Jioni akasema, "Bora ungewaacha waukate." Nilimwosha mguu wake nikamlisha.

Habari ya mdogo wangu niliipata kwa watu waliotoka huko. Nyapara alimfuata kazini, akamtaka kipande chake, akamwambia kampuni haiwezi kuweka mtu anayekata wenzake. Mdogo wangu hakubisha. Aliuliza tu nani kasema. Alipoambiwa ni dada yake, akasema kama dada kasema basi ni kweli, akatoa kipande. Lakini kipande kilikuwa jambo dogo. Nani tena angekubali kusimama ubavuni mwake mikokoni? Hata wasiokuwa wa kampuni, wanaokata boriti zao wenyewe, walimkwepa. Watu wakaanza kusema kulikuwa na ugomvi wa siri, na wengine walishajua hata sababu ya ugomvi. Midomo ya watu!

Mama yetu aliyaamini. Alikuwa mgonjwa wa kifua siku nyingi, lakini aliposikia mwanawe kamkata mkwewe na hajakwenda kumwomba radhi, aliondoka kitandani. Walifika hospitali mchana, mama kabebwa mgongoni na huyohuyo mwanawe, na nyapara nyuma yao, ametumwa na kampuni kukiangalia kidonda kwa macho yake. Mama hakuingia karibu na mkwewe, aliketi mlangoni na kujifunika kanga usoni, kama desturi. Akakohoa. Kisha akamwambia mdogo wangu aombe.

Nyapara alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Mdogo wangu alinitazama mara moja tu. Nilijua ananiuliza, na mie nilishika bakuli la uji nikatazama uji. Mungu anisamehe, niliutazama uji. Akapiga magoti.

"Shemeji, nisamehe."

Mume wangu alikawia kujibu mpaka mama akainua uso. Kisha akasema amemsamehe, akageukia ukutani. Mama akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mwezi ulipoandama hospitali na kampuni zikakaa chini, sijui nani alimtangulia nani. Karani akanijia na furaha kwamba maneno yale yameondolewa katika mkataba. Mwenye kipande sasa anapokewa, amejikata, amekatwa, ni mamoja. Akasema pia ukweli hautamtoa mume wangu kitandani tena. Sikungoja hata chai. Nilimwacha mume wangu kwa majirani wa wodini, nikashuka Nyamisati, nikapata mtumbwi wa Mbwera, na njia nzima nikiyapanga maneno: mama, mwanao hakumkata mtu, ni mie niliyesema.

Mdogo wangu ndiye aliyekuja kunipokea. Amenyoa kichwa. Alichukua mzigo wangu akaniambia mama amezikwa jana, baada ya sala ya adhuhuri, wametuma mtu kuniita, bila shaka tumepishana njiani. Nikaanza kumwambia mkataba umetengenezwa, kwamba sasa naweza kusema, kwamba nitawaambia watu wote matangani leo hii.

Akanishika mkono.

"Kafa radhi na mimi, dada," akasema. "Kwa sababu niliomba msamaha. Usiseme kitu."